Wing Chun Haihitaji Uongo Wenu

Ukisema mbele ya watu kwamba unafanya Wing Chun, swali la kwanza linajulikana kabla halijatoka mdomoni: "Lakini hiyo kitu inafanya kazi kweli?" Usiku huo huo unatumiwa klipu kwa WhatsApp. Mchina mmoja, kipande cha mtu, anamfukuza mwenzake kwa makonde mpaka anamlaza chini, na mtumaji amesindikiza na emoji sita za kucheka. Hakuna maneno. Anaona amemaliza mjadala.

Huyo kipande cha mtu ni Xu Xiaodong, mpiganaji wa MMA kutoka Beijing. Aprili 2017, mjini Chengdu, alimchapa mwalimu wa taiji anayeitwa Wei Lei, na pambano halikufika hata nusu dakika. Mwaka uliofuata akamgeukia Ding Hao, mtu wa Wing Chun, akamwangusha tena na tena. Baadaye, Mei 2020, mwalimu mwingine wa taiji, Ma Baoguo, aliyekuwa amejitangaza sana, alipanda ulingoni na mwanamume wa miaka 50 ambaye hakuwa na jina lolote kubwa. Alienda chini mara tatu ndani ya sekunde 30. China nzima ikacheka, na kicheko kikafika mpaka kwa simu zetu.

Nina ugomvi na watumaji wa klipu, na nitawafikia. Lakini ugomvi mkubwa ni wa nyumbani, na walimu na wanafunzi wenzangu wa Wing Chun ambao kila klipu ikitumwa wanajibu kwa uongo. Ati yule hakuwa mwalimu halisi. Ati sheria za ulingo zilimzuia kuchoma macho. Ati mbinu zetu ni za kuua, hatuwezi kuzitumia kwa mchezo. Bana, mmeua nani?

Tuseme ukweli: Xu alikuwa sahihi. Mtu akitangaza kwamba kiganja chake kinasimamisha moyo, yeyote anayetaka kuona ana haki ya kuonyeshwa. Kilichoniudhi ni yaliyofuata. Mwaka 2019 mahakama nchini China ilimwamuru Xu aombe radhi kwa kumtusi Chen Xiaowang, mwalimu mkongwe wa taiji, na kwa kutotii akawekewa vikwazo hata vya kununua tiketi ya ndege na ya treni ya kasi. Sawa, matusi ni matusi, mtu ana haki ya kwenda kortini. Lakini ona wale walioshangilia. Watu waliojigamba miaka yote kwamba hawaguswi, leo wanafurahi kwamba karani wa mahakama amewapigania.

Sasa nyinyi watumaji wa klipu. Mtu anayekimbia Karura Jumamosi asubuhi haulizwi kama atampita Eliud Kipchoge. Anayeimba kwaya haulizwi kama atajaza uwanja. Wasee wanaocheza mpira Jumapili, kitambi na magoti mabovu, hakuna anayewatumia magoli ya Ulaya kuwaonyesha kwamba wanapoteza wakati. Ni sisi tu tunaotakiwa kuthibitisha kwamba tunaweza kumshinda mtu anayepigana kama kazi ndiyo turuhusiwe kupenda tunachopenda.

Mtanijibu, na mtakuwa na haki: mkimbiaji wa Karura hajatundika bango kusema kwamba Kipchoge hawezi kumfikia. Sisi tumelitundika. Angalia matangazo ya madarasa mengi: jilinde, shinda adui mkubwa kuliko wewe, mtaa hauna sheria. Hapo ndipo tulipojiharibia. Tulikuwa na kitu kizuri mkononi, tukaona hakitauzika, tukauza kingine ambacho hatuna.

Tena tunauza woga, na Nairobi woga hauna uhaba. Kila mtu amewahi kupokonywa simu au anamjua aliyepigwa ngeta. Mwalimu anajua hilo, kwa hivyo anasimama mbele ya wageni, anamwita mwanafunzi wake, anamwambia amkabe shingo kutoka nyuma. Mwanafunzi anakaba kwa adabu. Mwalimu anageuka, viwiko viwili, mwanafunzi anaanguka kama gunia. Watu wanapiga makofi, wanalipa ada. Lakini ngeta ya kweli huja na watu watatu, mmoja wao ana kisu, na wewe hujui hata imetokea wapi. Mbinu yake ni moja: toa simu. Haina jina la Kichina na haihitaji mavazi meusi. Bingwa wa jiujitsu ya Brazil naye atatoa simu kama ana akili, kwa hivyo wale wa MMA wasijione.

Ubaya zaidi ni vile wasichana wanauziwa. Warsha ya saa mbili, jinsi ya kuchomoa mkono ulioshikwa. Anayemshika ni mwenzake wa darasa, anayemwachilia mara tu anapoona ameanza kuzungusha mkono vizuri. Msichana anaenda nyumbani akiamini kitu ambacho siku moja kinaweza kumfanya abaki mahali alipopaswa kukimbia. Huo ni uongo unaoweza kumwaga damu ya mtu, na mwalimu anayeusema hafai kuitwa sifu wala mwalimu.

Kwa hivyo tunapenda nini? Nimewauliza wengi waliokaa miaka, na wale wakweli hawataji adui hata mara moja. Wanataja chi sao.

Chi sao maana yake ni mikono inayonata. Mnasimama uso kwa uso, karibu kiasi cha kujua mwenzako amekula nini. Vigasha vinagusana, ile sehemu kati ya kiwiko na kiganja. Halafu mikono inaanza kuzunguka. Mkono mmoja unapanda, kiwiko juu kama bawa: bong sau. Unashuka na kufunguka, kiganja kikitazama juu: tan sau. Mkono wako mwingine umelala juu ya mkono wa mwenzako, unauchunga usitoroke: fuk sau. Mnazunguka hivyo, mnazunguka. Hakuna anayesukuma kwa nguvu na hakuna anayelegea. Kuna msukumo mdogo tu unaotoka kiwikoni kwenda kifuani kwa mwenzako, wakati wote, kama maji ya mpira yaliyozibwa kwa kidole. Kidole kikiteleza, maji yanaruka. Hivyo hivyo, mwenzako akiacha nafasi, mkono wako unaingia kabla hujauamuru.

Mwanzoni ni vurugu. Unatumia mabega, unashikilia pumzi, unapigwa kifuani kila baada ya sekunde tatu na huelewi umeingiliwa wapi. Miezi ikipita, ngozi inaanza kusikia. Unajua mwenzako atapiga kwa sababu bega lake limepanda kidogo, na hukuliona kwa macho, umelipokea kwa mkono. Unajua amekasirika: mtu akikasirika mkono wake unakauka kama mti, na mkono uliokauka ni mpini, unaushika pale na kumgeuza mwili mzima. Unajua anaogopa, anajivuta nyuma unyoya mmoja. Na mbaya ni kwamba yeye pia anasoma zako. Yule meneja mwenye sauti kubwa anagundulika kwamba hujikunja kila akisogelewa. Yule dada mpole wa mapokezi anagundulika kwamba hana huruma hata kidogo, mazee, anakuja tu.

Hebu fikiria mwili wa mtu wa Nairobi unaguswa lini. Kwa matatu, mkiwa mmebanana, mkono juu ya begi. Mlangoni mwa duka kubwa, askari akikupapasa huku anaangalia pembeni. Na mwizi, bila shaka. Wanaume hugusana kwa gota, ngumi kwa ngumi, imekwisha. Mwanamume mzima anaweza kumaliza mwezi bila kuguswa na mtu anayemmakinikia. Kisha anaingia kwenye ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki vimesukumwa ukutani, na fundi wa stima ambaye anamjua kwa jina moja tu anaweka mikono juu ya mikono yake kwa saa nzima, anamsikiliza kwa ngozi, na kumpiga kila anapojisahau. Kisha wanacheka wote wawili. Wakiachana hapo, mabega yao yameshuka.

Hilo ndilo tunalolionea aibu. Tunaona ni rahisi zaidi kumwambia mtu kwamba tunajifunza kuua kuliko kumwambia kwamba tunapenda kuguswa na mtu anayesikiliza.

Kuna atakayesema: basi nenda ucheze rumba, huko pia watu wanagusana na muziki upo. Rumba ni tamu, sibishi. Ila kwenye dansi nyote wawili mnataka kitu kimoja. Kwenye chi sao mwenzako anakitaka kifua chako, na wewe unakitaka chake, na bado mnatunzana. Ngumi lazima iwe ngumi. Ikiwa ya kuigiza, mkono hauna sababu ya kusikia, ni ngozi tu inasuguana. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaoifanya Wing Chun yoga ya kusimama. Utulivu wake unatokana na kwamba unaweza kupigwa pua sasa hivi.

Ndiyo maana pia kuna walioichukua wakaenda nayo vitani kweli, na hao nawavulia kofia. Wong Shun Leung, mwanafunzi wa Ip Man, alijijengea jina Hong Kong miaka ya 1950 katika beimo, mapambano ya mitindo kwa mitindo yaliyopiganwa kwa siri, mengine juu ya paa za majengo. Alipigana, basi akasema. Siku hizi mpangilio umegeuzwa: mtu anasema miaka 20, akiitwa apigane ana mgongo.

Kitu kingine tunachopenda kinachekesha ukikitazama kwa nje. Msimamo wa kwanza wa Wing Chun, kwa Kikantoni, jina lake lina habari ya kubana mbuzi. Magoti yanaingia ndani, vidole vya miguu pia, kiuno kinasukumwa mbele kidogo, na unabana mbuzi ambaye hayupo. Kwetu mbuzi ana matumizi mengine, lakini haya. Ukiwa hapo unafanya Siu Nim Tao, maana yake wazo dogo. Miguu haisogei hata hatua moja toka mwanzo mpaka mwisho. Sehemu ya kwanza mkono unatoka kifuani polepole kiasi kwamba mgeni akichungulia mlangoni atadhani umeganda. Miondoko ya pili ni Chum Kiu, kutafuta daraja, na daraja ni hapo mkono wako unapokutana na wa mwenzako. Ona watu walivyochagua neno. Wangeweza kupaita ukuta au ngao.

Na ni sanaa ya mahali padogo, jambo ambalo mtu wa bedsita ataelewa haraka. Ip Man alizaliwa Foshan mwaka 1893, akahamia Hong Kong mwaka 1949 akiwa mtu mzima aliyepoteza mali, na mwaka 1950 akaanza kufundisha katika chama cha wafanyakazi wa mikahawa. Wanafunzi wake wa mwanzo hapo walikuwa watu wa kubeba sahani. Yule mtu wa mti tunayempigia mazoezi, gogo lenye mikono mitatu na mguu mmoja, zamani alikuwa akichimbiwa ardhini. Hong Kong ya fleti haikuwa na ardhi ya kuchimba. Wakamning'iniza ukutani kwa mbao mbili, na mbao zile zikampa kunesa kidogo, kwa hivyo sasa ukimpiga anakujibu. Wengi wetu hatujui mwingine ila huyo wa ukutani. Jiji lilimbadilisha na akawa bora.

Kuna filamu fupi ambayo Ip Man alipigwa mwaka 1972, akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa mwezi Desemba mwaka huo. Amekonda sana. Anafanya Siu Nim Tao, anafanya Chum Kiu, anamzunguka mtu wa mti. Mahali pengine anasita. Umri wake ni miaka 79 na hakuna adui popote. Watumaji wa klipu, niambieni hiyo ilikuwa inafanya kazi au haifanyi. Na nyinyi mnaouza mbinu za kuua, niambieni mzee yule alikuwa akijiandaa kumuua nani.

Najua kitakachotetewa sasa ni hadithi ya mtawa. Ng Mui, mtawa aliyeponea hekalu la Shaolin lilipochomwa, akamfundisha msichana aitwaye Yim Wing Chun jinsi ya kumshinda jambazi aliyetaka kumwoa kwa nguvu. Hakuna ushahidi wa kihistoria kwamba wanawake hao waliishi. Ukisema hivyo kwenye darasa fulani unaangaliwa kama umemtukana mama wa mtu. Kwani shida iko wapi? Ni hadithi nzuri. Msichana anampiga bwana harusi asiyemtaka, nani hataki kuisikia tena? Sisi tuliokuzwa na filamu za kungfu zilizosimuliwa na DJ Afro tunajua raha hiyo vizuri. Hakuna aliyetoka kwenye kibanda cha video akidai kwamba staa kweli hafi.

Tena hadithi hizi zina historia yake tamu kuliko uongo. Januari 1954, huko Macau, Wu Gongyi wa taiji na Chen Kefu wa mtindo wa Korongo Mweupe walipanda ulingoni katika pambano la hisani lililosubiriwa na watu wengi. Filamu yake ipo, itafute. Wanaume wawili wanarushiana mikono kama watoto waliogombania mpira, pua inatoka damu, na katika raundi ya pili pambano linasimamishwa bila mshindi. Kama ni klipu ya kucheka, hiyo ni mama yao wote. Lakini Hong Kong ilikuwa haizungumzi kitu kingine, na siku chache baadaye gazeti la Xin Wan Bao likaanza kuchapisha kwa mfululizo hadithi ya Liang Yusheng. Mwaka uliofuata Jin Yong naye akaanza ya kwake kwenye gazeti hilo hilo. Riwaya mpya za wuxia, zilizosomwa na mamilioni ya watu na kuzaa filamu juu ya filamu, zilianzia kwenye pua iliyotoka damu Macau. Pambano lilikuwa baya na fasihi yake ikawa kubwa. Hakuna aliyehitaji kusema kwamba pambano lilikuwa zuri.

Kwa hivyo toeni mabango. Anayetaka kujua kupiga mtu mwambieni aende kwa mabondia. Nchi hii ndiyo iliyomtoa Robert Wangila, dhahabu ya Olimpiki, Seoul 1988, na mitaani bado kuna kumbi za ngumi ambapo utajua ukweli wako kwa wiki moja, kwa bei ya chini kuliko zile mnazotoza. Acheni pia biashara ya siri, ile ya kumwambia mwanafunzi kwamba Biu Jee atafunguliwa mlango akishamaliza kulipia ngazi fulani. Miondoko yote iko kwenye intaneti, imerekodiwa na watu wazima na watoto. Ambacho hakiko kwenye intaneti ni mkono wa mtu mwingine juu ya wako, na huo hauwezi kufichwa ukauzwa kwa vipande.

Na kwa anayetafuta darasa, usiulize nasaba ya mwalimu, wala usihesabu picha za wazee ukutani. Kaa pembeni utazame chi sao. Je, mwalimu hupigwa? Kama wanafunzi wake wa miaka mitano hawamgusi hata mara moja, na wakiguswa na yeye wanaruka nyuma hatua tatu huku wamefumba macho, chukua begi lako. Hao hawasikilizani, wanamwigizia. Ding Hao na wenzake huenda hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote ukumbini kwamba wamepigwa, mpaka walipoambiwa na Xu mbele ya dunia.

Mwalimu, Jumamosi hii mwite yule mgeni wa wiki ya pili, yule bado anashikilia pumzi. Zungusha naye mikono mbele ya wote, dakika tano, bila kumwelekeza. Akikufikia, mwambie kwa sauti kwamba amekufikia, kisha mwendelee.